ALI KAJA, MWALIMU KAGOMA!

  Wiki hii tunaongea ngumi. Siyo zile za kugombea bili baa usiku wa mwisho wa mwezi, hizo zina wenyewe na polisi wanawajua. Naongelea ngumi za mkanda.

Vijiweni kuna ubishi usioisha: eti bondia akiingia kwenye siasa ataweza? Tangu wasanii waanze kwenda bungeni, Sugu kwa tiketi ya Mbeya Mjini mwaka 2010, Profesa Jay kwa Mikumi mwaka 2015, kila mwenye jina anajiona mheshimiwa mtarajiwa. Na wanaowatetea mabondia wana shahidi wao mmoja mzito, kilo zaidi ya mia moja: Vitali Klitschko wa Ukraine.

Jamaa si wa kubeza. Kasoma sayansi ya michezo mpaka udaktari, ndiyo maana ulingoni wakambatiza Dokta Ngumi ya Chuma. Kapigana mara 47 ngumi za kulipwa, kashinda 45, na katika hizo 41 mpinzani hakuisikia kengele ya mwisho. Mara mbili alizopoteza hakuna aliyemlaza chini. Aprili 2000 bega lilimgomea akiwa na Chris Byrd. Juni 2003 Lennox Lewis alimchana juu ya jicho, daktari akasimamisha pambano wakati Vitali anaongoza kwenye karatasi za majaji wote watatu! Mwaka 2005 majeraha yakamzidi, akastaafu. Miaka mitatu baadaye huyo karudi, akamchakaza Mnigeria Samuel Peter, na mkanda wa WBC ukarudi nyumbani.

Sasa kuna kipande ambacho mashabiki wake hukiruka wakisimulia. Aligombea umeya wa jiji la Kyiv mwaka 2006, akapigwa. Akarudi mwaka 2008, akapigwa tena. Bingwa mzima anaangushwa na karatasi! Alikuja kushinda mwaka 2014, baada ya kuuachia mkanda mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Hesabu mwenyewe: ulingoni kapoteza mara mbili, kwenye umeya mara mbili. Ngoma droo.

Kwa hiyo bondia siasa anaziweza, mimi sibishi. Swali langu ni jingine: nani kakutuma, na kakwambia nini kabla hujapanda ndege? Kwa hilo sina haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Iko kesi inayowahusu watu wawili wa mkoa wetu huu, mmoja wa Butiama na mwingine wa Majita, pamoja na bondia maarufu kuliko wote waliowahi kuvaa glovu.

Mwaka ni 1980. Desemba ya mwaka wa nyuma majeshi ya Urusi ya Kisovieti, ambayo Ukraine yenyewe ilikuwa ndani yake, yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter wa Marekani kafura, anataka dunia nzima isusie Olimpiki ya Moscow. Kwa Wazungu wenzake anajua pa kuanzia. Waafrika je? Ikulu ya Washington ikapata wazo: atumwe Muhammad Ali!

Na kusema haki ya Mungu, wazo lenyewe lilikuwa na akili. Ali alikuwa na jina Afrika kushinda marais wengi. Oktoba 1974 alimlaza George Foreman pale Kinshasa mbele ya Wazaire waliomwona kama mtoto wao. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, serikali hiyo hiyo ya Marekani ikamwandama mahakamani, mikanda ikamtoka, na miaka zaidi ya mitatu ya ujana wake ikayeyuka. Septemba 1978 akatwaa ubingwa wa uzito wa juu kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mtu wa namna hiyo ukimtuma, mlango gani utafungwa?

Mlango wa Mwalimu, bwana!

Ali alikuwa India kwa shughuli za hisani, akachukuliwa na ndege ya serikali ya Marekani, na mwanzoni mwa Februari 1980 akatua Dar es Salaam. Tanzania ndiyo ilikuwa kituo chake cha kwanza Afrika. Mitaani watu walimpokea kama bingwa. Lakini Rais Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, hakukubali kumwona. Suala la nchi na nchi analetewa na bondia? Ebu jiulize: kwa Waingereza, Carter angethubutu kumtuma mcheza tenisi akaongee na Margaret Thatcher? Bingwa wa dunia akaishia kuongea na waziri wa vijana.

Huko kwa waandishi wa habari ndiko alikokutana na raundi ngumu. Akaulizwa: mwaka 1976 nchi za Afrika zaidi ya ishirini tulisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mbona Marekani hamkutuunga mkono? Leo mna shida zenu ndiyo mnatukumbuka? Na je, si Warusi hao hao wanaowasaidia wapigania uhuru wetu? Ali, mdomo ule ule uliokuwa ukitabiri mpinzani ataanguka raundi ya ngapi, akakosa jibu. Kumbe hakuwa ameambiwa! Alikiri mwenyewe kwamba hayo hakuyajua, na alipofika Nairobi akasema huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa.

Hapa mimi namwonea huruma. Ulingoni Ali alikuwa na Angelo Dundee kwenye kona, mtu aliyejua udhaifu wa kila mpinzani. Dar es Salaam kona ilikuwa tupu. Aliyemtuma alitaka jina lake na sura yake, basi. Tofauti na Klitschko ni hapo. Yule wa Kyiv alijituma mwenyewe, akachubuliwa na wapiga kura wa mtaani kwake mpaka akaelewa wanataka nini. Ali alipewa wiki moja na bara zima.

Na swali lile la Montreal halikuwa la kupiga soga. Sisi tulilipa. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.2, nyuma yake akiwa John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ikasubiri marudiano Montreal. Bayi hakukimbia, Tanzania imesusa. Walker akachukua dhahabu. Sasa mtu aliyekosa dhahabu yake kwa sababu ya makaburu, unamwambia tena akose Moscow kwa sababu ya Carter?

Kenya hawakwenda Moscow. Sisi tukaenda. Julai 31, 1980 Bayi akakimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akawaacha wenzake mbali kwa raha zake, halafu mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Fedha. Kesho yake, Agosti 1, fainali ya mita 5,000, yumo Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, hapa hapa Musoma Vijijini. Mhabeshi Miruts Yifter alikata utepe, na Nyambui akaingia nyuma yake kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Fedha nyingine!

Kinachonichekesha ni hiki: Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi kwenye chuo kikuu cha Texas, El Paso. Anakula, analala na kufanya mazoezi Marekani, wakati wanariadha wa Marekani wenyewe wamekatazwa kwenda! Na mpaka Olimpiki ya Paris 2024 imekwisha, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata kwenye Olimpiki. Mwalimu angemkaribisha Ali sebuleni, wakacheka, wakapiga picha, mambo yakaenda alivyotaka Carter, tungekuwa na ngapi? Sifuri.

Ali naye hakukaa vizuri baada ya safari ile. Oktoba mwaka huo huo alirudi ulingoni, Larry Holmes akamtwanga hadi kona yake ikaomba pambano lisimame. Desemba 1981 akapoteza kwa Trevor Berbick kule Bahamas, ikawa mwisho.

Kinachobaki ni ubishi wetu. Kuna wanaosema Mwalimu alizidisha: mgeni ni mgeni, ungempa chai, ukasikiliza, halafu ukakataa taratibu. Kwa mila zetu za Mara mgeni hafukuziwi mlangoni hata kama kaja kudai deni. Mimi naona chai ile ingepigwa picha, na picha ingefika Washington kabla kikombe hakijapoa. Lakini hayo ni yangu. Wa Bunda mnaosema chai ingetosha, na wa Butiama mnaosema hata maji asingepewa, leteni hoja zenu. Wa Majita msijisumbue, mko upande gani nishajua.