Kisiwa Kilicho Mlangoni

Msafiri aingiaye mashuani upande wa Capri Point, jijini Mwanza, muda si muda huwa amekwisha kushuka Saanane, kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na kupewa hadhi ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, ambako majabali ya matale yamelaliana hata yakaacha baina yake vijipango vyenye kivuli, na juu yake pimbi huota jua pamoja na mijusi wenye vichwa vya rangi ya waridi na viwiliwili vya buluu.

Aghalabu mgeni huongozwa, nasi twaona ni jambo la insafu. Lakini mwongozaji atajaye majina ya wanyama kisha akanyamaza, asiseme lolote juu ya Mzee Saanane, mkulima na mvuvi ambaye kisiwa kimerithi jina lake, amemdhulumu mgeni wake nusu ya nauli.

La usalama ndilo zito zaidi. Ziwa lililomeza MV Bukoba mwezi Mei 1996, kisha MV Nyerere karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, halistahili nahodha atiaye jaketi za kuokoa maisha chini ya viti kama magunia ya dagaa. Jaketi na zifungwe vifuani kabla injini haijawashwa, na za watoto ziwe za kimo chao. Chombo kisicho nazo, mamlaka za bandari zikizuie gatini, hata ikiwa abiria wamekwisha kulipa.