San Andreas Tuliisifia Bila Kuimaliza

Wadau, leo nawachokoza. Nani kati yenu aliimaliza GTA San Andreas? Namaanisha kuimaliza kabisa, mpaka Tenpenny anadondoka na gari la zimamoto pale Grove Street. Usinidanganye.

Ilitoka 2004, ikafunga zile tatu kubwa za PS2 baada ya GTA III na Vice City. Wachambuzi wa nje waliisifia kinoma, wastani wake Metacritic ni 95 kwa 100. Sisi huku Kighare tukaipa kumi kwa kumi. Ila tofauti ni kwamba wenzetu waliicheza mpaka mwisho.

Banda la gemu unatoa mia mbili, unapewa dakika zako. Memori kadi ni ya mwenye banda, ukisevu leo kesho mtu kashasevu juu yako. Umeme ukikatika, kwisha habari. Kwa hiyo tulifungua daftari la chiti, duara, duara, L1, kifaru kikashuka, tukalipua mji. Hiyo ndiyo San Andreas tuliyoijua.

Mwaka jana nimeimaliza kwenye simu. Aisee! Kumbe ni stori ya usaliti. Big Smoke, yule mnene tuliyekuwa tunamcheka, aliwauza washkaji zake wa mtaani kwa ajili ya pesa na ukubwa. Polisi mla rushwa anaachiwa na mahakama, mji mzima unawaka moto, kama Los Angeles 1992.

Nilipofika kwa Smoke nilisimamisha gemu kwanza. Kuna jamaa tulikuwa tunachangiana ile mia mbili, pedi moja watu wawili. Leo hatusalimiani, na chanzo ni hela tu.

Toleo jipya la 2021 lilipondwa sana, mvua inanyesha mpaka huoni barabara, Rockstar wenyewe wakaomba radhi. Sawa, walistahili. Ila ubishi wote ulikuwa sura na mvua, stori hakuna anayeigusa.

Msimamo wangu ni huu: gemu ambayo hujaona mwisho wake huijui, na hata kuiponda huna haki. Kabla hatujaanza kubishana GTA VI, rudi umalize hii. Halafu mpigie mshkaji wako. Mimi wangu nimeshamtumia meseji, bado hajajibu.

Wewe uliishia misheni gani? Tiririka hapo chini.