Usipime Upepo kwa Idadi ya Mabati Yaliyoezuliwa



Vuli ikianza hapa Same, simu ninazopigiwa ni za aina moja: "Bwana shamba, huku tumepigwa na kimbunga!" Nikifika nakuta nyumba mbili zilizoachana hatua 30. Moja imeezuliwa yote, mabati yake yamelala kwenye mahindi ya jirani. Ya pili haijapoteza hata bati moja. Upepo ni uleule. Je, ulikuwa mkali au haukuwa?

Maoni yangu nayasema wazi: mara nyingi tunausingizia upepo makosa ya misumari. Na tukiendelea hivyo, kila mwaka tutanunua mabati yaleyale.

Hata wataalamu hupima upepo kwa uharibifu. Kuna kimbunga chembamba kinachozunguka kutoka kwenye wingu hadi ardhini, kiitwacho tonado. Si chamchela ya vumbi tunayoiona tambarare za Makanya jua likiwaka. Tonado ina nguvu mno, na ni nadra kukuta kifaa cha kupimia pale inapopita. Ndiyo maana mwaka 1971 Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa kipimo cha ngazi 0 hadi 5. Mpimaji anakwenda baada ya upepo, anaangalia kilichovunjika, kisha anakadiria kasi.

Mwaka 2007 Marekani walianza kutumia kipimo kilichoboreshwa, kwa sababu cha kwanza hakikuzingatia vya kutosha ubora wa jengo. Sasa wana orodha ya vitu 28, yakiwemo majengo ya aina mbalimbali, nguzo na miti. Nyumba iliyofungwa vibaya ikibomoka, mpimaji anashusha makadirio yake.

Kipimo hicho kina udhaifu wake pia. Tarehe 31 Mei 2013, tonado ilipita El Reno, Oklahoma. Rada zilipima upepo wa karibu kilomita 480 kwa saa, wakati ngazi ya 5 inaanzia kama kilomita 320. Lakini ilipita zaidi mashambani, ikakosa majengo ya kubomoa, ikapewa ngazi ya 3.

Funzo ni moja. Uharibifu unatueleza habari za upepo, na pia za kile kilichopigwa. Ukisikiliza upande mmoja tu, utadanganyika.

Sasa rudi nyumbani. Kilomita 40 kwa saa, kasi inayotajwa mara nyingi kwenye tahadhari za TMA, inatikisa matawi makubwa ya mti. Ngazi ya 0 ya tonado inaanzia kilomita 105. Paa linaloondoka wakati mwembe wa uani haujavunjika hata tawi, lilikuwa bovu tangu siku ya kuezekwa.

Migomba nayo ni hivyohivyo. Mgomba wenye mkungu mzito, ambao shina lake limetobolewa na fukusi, unaanguka kwa upepo mdogo. Ukiuhesabu kama hasara ya kimbunga, fukusi anabaki shambani akiendelea na kazi yake.

Kwa hiyo upepo ukipita, fanya haya kabla ya kuokota mabati:

1. Piga picha. Andika tarehe, saa na upande upepo ulikotokea.

2. Tazama kilichoachia. Kama misumari ilichomoka, iongeze na ubadili aina. Kama papi zilitoka pamoja na bati, hazikushikwa vizuri kwenye kenchi. Kama kenchi nzima iliinuka, haikufungwa ukutani kwa waya au nondo. Kila ugonjwa una dawa yake.

3. Hesabu na vilivyosimama. Nyumba ya jirani isiyoguswa ni shahidi wako.

4. Angalia mahindi yalivyolala. Yakilala yote upande mmoja, upepo ulikuwa wa kunyooka. Yakitawanyika kutoka sehemu moja kama miale ya jua, hewa ilishuka ghafla kutoka kwenye wingu la mvua. Fujita huyohuyo ndiye aliyeitambua alama hiyo. Yakilala kwa kuelekeana ndani ya mstari mwembamba, hapo ndipo ufikirie kimbunga cha kuzunguka.

Kisha mpelekee mtendaji wa kijiji maelezo hayo. Taarifa inayosema "kimbunga kimeharibu kila kitu" haimsaidii mtu kujua nani aanze kusaidiwa. Mama aliyeezuliwa ghala la mahindi anawekwa foleni moja na aliyepoteza bati mbili za banda la kuku.

Najua kuna atakayesema bwana shamba anawalaumu walioezuliwa. Hapana. Mwenye kuezuliwa asaidiwe, tena haraka. Lakini kumpa mabati bila waya wa kufungia kenchi ni kumwandalia hasara ya mwakani. Na wewe mwenye duka, unapouza bati, muulize mteja atalifunga na nini. Kilo chache za misumari ya bati hazifikii bei ya paa jipya, wala ya magunia yaliyolowa.

Vuli haijaanza. Panda juu ya paa lako wiki hii, shika bati moja moja, ulitikise. Linalocheza mkononi mwako halitangoja kimbunga.

Tuonane shambani.