Chapa Chini ya Kiti: Memphis na Maseremala wa Tarime na Mugumu

Swali la nani anastahili kuitwa mbunifu, yaani mtu anayefikiria umbo la kitu kabla msumeno haujagusa mbao, hujadiliwa kana kwamba haliwahusu maseremala wa Tarime na Mugumu, mkoani Mara, Tanzania, ilhali kabati la vyombo lililobandikwa fomeka ya rangi kali, kando ya kigoda kilichochongwa kutoka gogo moja, linatosha kulianzisha upya.

Fomeka hiyo ina historia yake katika ubunifu: kikundi cha wabunifu kilichoitwa Memphis kilizaliwa Milan, Italia, Desemba 1980, nyumbani kwa Ettore Sottsass, msanifu majengo mwenye umri wa miaka 63 aliyezungukwa na vijana, na kilifanya maonyesho yake ya kwanza Septemba 1981, mwaka uleule ambao Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wabunifu hao walipinga usasa, mkondo uliodai kwamba umbo litokane na kazi ya kitu na mapambo yaachwe. Rafu ya Sottsass iitwayo Carlton ina mbao zilizoinama kama mikono ya mtu aliyenyoosha viganja, kiasi kwamba vitabu huegemea upande, na juu yake imebandikwa laminati, ngozi ngumu ya plastiki iliyozoeleka kwenye meza za mikahawa. Kwa lugha ya karakana, ni fomeka ileile. Mwenzake Nathalie du Pasquier alikuwa amesafiri Afrika Magharibi katika miaka ya 1970, na vitambaa alivyoviona huko viliacha alama katika michoro yake, ingawa jina lililobaki ni lake, si la wafumaji.

Vitu vya Memphis alivyokusanya mwanamuziki David Bowie vilipigwa mnada London mwaka 2016, na ni vigumu kuamini kwamba wanunuzi walishindania plastiki. Walishindania majina.

Kisheria, fundi wa Mara hayuko mikono mitupu, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi za sanaa tumizi, yaani vitu vya matumizi vilivyobuniwa kisanaa, viwe vya mkono au vya kiwandani. Hata hivyo, kwa upande wa maumbo ya bidhaa, Tanzania Bara ilirithi kwa mkoloni sheria iliyolinda yale yaliyosajiliwa Uingereza, jambo ambalo kwa seremala wa Mugumu ni kichekesho kichungu.

Pingamizi zito linatoka kwenye kigoda chenyewe: umbo lake ni la wazee wengi, na atakayelidai peke yake atakuwa amewapora majirani zake. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linaishia kwenye umbo la kurithi. Haligusi kiti kipya ambacho fundi amekibuni kwa ajili ya hoteli ya kitalii jirani na hifadhi, akakipiga randa na msasa, kisha kikapokelewa bila jina. Wafugaji wa Tarime na Mugumu wanajua chuma cha moto kinavyomtambulisha ng'ombe na mwenyewe, na chuma hichohicho, kikiwa kidogo zaidi, kinaenea chini ya kiti.