Kabati Lenye Kufuli

Naomba nafasi katika ukurasa huu niseme neno ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Wazee wa kamati za shule labda watalifurahia kidogo, mpaka watakapofika katikati na kuona ya kuwa wao nao wamo. Neno lenyewe ni hili: katika nchi yetu ya Mbinga, na huko chini katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka kwetu, watoto hawasomi, wala si kwa sababu ya uchache wa vitabu tu. Hata vile vichache vilivyopo tumevifungia kabatini, na ufunguo tumeutia mfukoni.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa, "Mwalimu, wewe wajua hali ya shule zetu." Naijua. Nimefundisha juu milimani kwa Wamatengo, nimefundisha na pwani ya ziwa, na pote nimeona watoto wakibanana katika dawati moja kama usipa chanjani. Hayo siyakani. Lakini uhaba wa madawati haukutia kufuli katika kabati. Kufuli tulitia sisi.

Mwaka mmoja nalihamishiwa shule moja ambayo sitaitaja jina, maana kosa lake ni kosa la shule nyingi. Siku ya kukabidhiwa nalionyeshwa kabati, nikaambiwa, "Hii ndiyo maktaba yetu." Kufuli lilikuwa zito, limeshika kutu, hata ikatubidi kulitia mafuta kwanza. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi, vizuri, vyenye picha, vingine vimefungwa bado kwa kamba ile ile vilivyokuja nayo. Nalipokiinua kitabu cha chini kabisa nikabaki na jalada mkononi. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakala safu ya chini na nusu ya safu ya pili. Vitabu vilivyofichwa ili watoto wasivichafue vimeliwa na mchwa, na hapana mtu aliyelaumiwa. Kama mtoto angalipoteza kimoja tu, baba yake angaliitwa shuleni.

Wala vitabu si vigeni katika nchi hii. Mchungaji William Percival Johnson, aliyezunguka katika vijiji vya ziwa hili tangu miaka ya 1880 na kufa Liuli mwaka 1928, alikuwa karibu kipofu. Jicho moja lilikufa, na la pili liliona kwa shida. Hata hivyo alifasiri Biblia nzima kwa Kinyanja, wakati ambapo wasomaji wa pwani hii walikuwa wachache mno. Peramiho nako watawa wamepiga chapa vitabu vya Kiswahili tangu zamani. Na katika siku zetu hizi, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, ulikubaliana na wachapaji kwamba kila hadithi itolewe nakala 5,000, nao mradi ununue 3,000 na kuzigawa mashuleni. Tena kuanzia mwaka 2016 mpango wa Tusome Pamoja ulifanya kazi katika mkoa wetu wa Ruvuma, pamoja na Iringa, Morogoro na Mtwara, ukaleta vitabu vya kusoma kwa madarasa ya chini. Basi vitabu vimeandikwa, vimechapwa, vimepakiwa, vimepanda milima yetu na kuteremka mpaka ziwani, safari ndefu hivyo, vikashindwa hatua ishirini za mwisho, kutoka ofisi ya mwalimu mkuu mpaka mkononi mwa mtoto.

Mwalimu mkuu naye ana hofu yake, na mimi siidharau. Kitabu ni mali ya shule, kimeandikwa katika daftari la mali. Akija mkaguzi akahesabu akakuta vimepungua, anayeulizwa ni mwalimu, si mtoto. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara ya dunia hii hufunga kabati, na hesabu yake hutimia kila mwaka, naye husifiwa. Hapo ndipo shauri lote lilipopotoka. Tunahesabu vitabu kama tunavyohesabu majembe, na ilipasa tuvihesabu kama chaki. Hapana mkaguzi aulizaye chaki ya mwaka jana iko wapi. Ajua ya kuwa imekwisha ubaoni. Kitabu cha hadithi kilichopita mikononi mwa watoto mia kikachakaa, kiandikwe vivyo hivyo katika daftari, kwamba kimesomwa kikaisha. Na mwalimu ambaye vitabu vyake ni vipya baada ya miaka mitano, huyo ndiye aulizwe.

Wako na wengine wasemao kwamba mtoto atosheke na kitabu cha masomo, maana mtihani hautoki katika hadithi za sungura. Maneno haya nimeyasikia katika mkutano wa wazazi, na mwenye kuyasema alipigiwa makofi. Lakini fikirini. Mtoto wa Mbinga huamka akisema Kimatengo, na mwenzake wa pwani husema Kinyasa, au Kimpoto, au Kimanda. Wengi wao Kiswahili hukikuta shuleni, na mchana hukiacha huko huko. Kitabu cha masomo chenyewe husomwa na wawili au watatu pamoja, kurasa chache kwa juma. Huyu atakizoea Kiswahili kwa njia gani? Hata swali la hesabu limeandikwa kwa Kiswahili. Nimewasimamia watoto wa darasa la nne katika mitihani, nikamwona mtoto ajuaye kabisa kutoa na kuzidisha akifuata maneno ya swali kwa kidole, silabi kwa silabi, na alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Hesabu hakushindwa huyo. Ni kusoma kulikomwangusha, na kusoma kwa wepesi hakupatikani ila kwa kusoma maneno mengi, nayo mengi hayo yamo katika hadithi za sungura.

Sasa nawageukia wazazi. Mtoto akikaa na kitabu nyumbani huambiwa mvivu. "Wewe umekaa tu, na maji nani atateka?" Mimi siwafundishi watoto wakatae kazi, nami naliamia ndege shambani na kuchuma kahawa nilipokuwa mdogo. Lakini yule aliyekaa chini ya mwembe akicheza bao mchana kutwa hapana amwitaye mvivu, bali mtoto mwenye kitabu, nusu saa tu, kabla giza halijaingia, huyo huonekana amekosa adabu.

Walakini si wote. Katika shule ile ya mchwa, vitabu vilivyosalimika nalianza kuviazimisha kila Jumatatu, na kuvikusanya Ijumaa. Wenzangu walinionya, na kweli vingine havikurudi. Kimoja kilirudi kinanuka usipa hata tukakianika juani siku mbili. Jumamosi moja mama mmoja mzee akaja nyumbani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamkaribisha kigoda, nikadhani amekuja kulalamika. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kuuliza. Yule sungura alitoka shimoni au hakutoka?" Mjukuu wake alikuwa akimsomea jioni karibu na moto, na Ijumaa ilipofika mtoto akakirudisha kitabu kama nilivyoamuru, hadithi haijaisha. Yule bibi alikuwa hakulala vizuri kwa ajili ya sungura. Nikakichukua kitabu nikamsomea mwisho wake pale pale barazani, na tangu siku ile amri yangu ya Ijumaa niliifuta. Kila mtoto akakaa na kitabu mpaka kiishe.

Tena tusidhani ya kuwa mtu akijua kusoma amejua milele. Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania waliojua kusoma walikuwa kama theluthi moja tu. Kwa kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 na iliyofuata, ilipofika 1986 walihesabiwa kuwa tisa katika kila kumi. Dunia ilistaajabu. Wenye busara wa siku zile walijua hatari, ndiyo maana wakaanzisha maktaba za vijijini na magazeti ya wanakisomo, ili watu wasisahau. Maktaba nyingi za namna hiyo zikafa, na nawajua wazee waliopata vyeti vya kisomo ambao leo huniletea barua za watoto wao niwasomee. Hawakuwa wajinga hao. Walikosa cha kusoma, na macho yakasahau. Jambo hilo hilo tunawafanyia watoto, ila wao tunawafanyia na vitabu vikiwapo.

Najua wengine watangoja Serikali ijenge nyumba ya maktaba. Maktaba ya mkoa iko Songea. Mtoto wa Lituhi au wa Mbamba Bay hatakwenda Songea kuazima hadithi. Nyumba ikija tutashukuru, lakini kuazimisha hakuhitaji nyumba. Kunahitaji daftari moja lenye jina la mtoto, jina la kitabu na tarehe, na watoto wawili wa darasa la sita wa kuliandika. Nimewaona wakiliandika kwa uangalifu kuliko walimu. Kuhusu kuchanika, majalada tuliyavika karatasi ya mifuko ya saruji, na kurasa zilizolegea tulizishona kwa uzi wa nyavu, uzi ambao hapana mtoto awezaye kuukata kwa meno. Gundi yetu ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa, wenye majivu kidogo kwa ajili ya wadudu. Miguu ya kabati tuliisimamisha ndani ya makopo ya mafuta machafu ya gari, na mchwa hawakupanda tena.

Basi, ndugu wa kamati za shule, katika mkutano ujao msiulize vitabu ni vingapi. Ulizeni vingapi viko nje leo, na katika nyumba za nani. Wavuvi wenye nyavu zilizochoka wasizichome, na mafundi wa nyumba wasitupe mifuko yao. Wampe mtoto yeyote aende navyo Jumatatu. Lile kufuli la shule yangu ya zamani nalilipeleka kwa mlinzi, naye hulifungia banda la mbuzi.