Mwanagenzi wa Mbio za Koni

Si kila shindano la magari huhitaji barabara ndefu au gari la thamani ya nyumba. Katika miji mingi ya Marekani, siku za Jumamosi na Jumapili, kiwanja kitupu cha kuegeshea magari, au uwanja wa ndege usiotumika tena, hupangwa koni za plastiki, zile za rangi ya machungwa ambazo mafundi wa barabara huziweka wanapoziba mashimo, na madereva huja na magari yao ya kila siku kushindana na saa. Mchezo huo huitwa autokrosi. Huko Kenya na Uganda jina hilohilo hutumika kwa mashindano ya kwenye udongo, ambako vumbi nalo ni mshindani. Habari za leo ni za ule wa lami na koni, mchezo mwepesi kuuingia na mgumu kuumudu.

Gari huondoka likiwa limepewa njia yake, na mzunguko mmoja aghalabu huchukua dakika moja au pungufu. Kwa sheria za Sports Car Club of America, chama kilichoundwa mwaka 1944, kila koni inayoangushwa, au kusukumwa nje ya mraba uliochorwa chini kuizunguka, humwongezea dereva sekunde 2. Anayeruka lango, mzunguko wake hauhesabiwi. Nafasi ni chache, pengine nne au tano au sita kwa siku. Basi mtu aliyeamka alfajiri na kusafiri saa mbili huendesha kwa jumla ya dakika tano hivi. Ndani ya dakika hizo ndimo anamopaswa kujifunza, na ndiyo sababu wengine hukata tamaa mapema, au, lililo baya zaidi, hukimbilia dukani.

Huko dukani fedha za nyumba huteketea. Mwanagenzi aliyeshindwa kwa sekunde nane huamini kwamba gari lake ni zito, kwa hiyo hununua springi ngumu, tairi pana na bomba la moshi lenye kelele. Juma linalofuata hushindwa kwa sekunde saba na nusu. Ilhali mara nyingi imeonekana kwamba dereva mzoefu, akiazimwa gari lilelile kabla halijaguswa na fundi, hupunguza sekunde kadhaa katika mzunguko wake wa kwanza. Katika familia ambayo mume na mke hushiriki kwa gari moja, kama kanuni zinavyoruhusu, hoja ya kwamba gari ndilo lenye kosa hufa mapema sana, hasa mke akimtangulia mumewe.

Kosa la kwanza la mwanagenzi haliko mguuni wala mkononi, liko machoni. Hutazama koni iliyo mbele ya boneti, kwa sababu anahofia kuigonga. Lakini gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, na pale koni zilipopangwa kwa umbali kama huo, koni moja hufika kila sekunde. Anayeitazama iliyo karibu hana tena wakati wa kuitengenezea njia. Awezalo ni kushtuka tu. Huvuta usukani kwa ghafla, gari hupepesuka, na koni inayofuata humkuta upande asioutaka. Tena mikono hufuata macho, hata yule anayeikazia macho koni asiigonge ndiye aghalabu anayeigonga. Walimu wa mchezo huu humtaka mwanafunzi, anapoifikia koni moja, macho yake yawe yamekwisha kufika ya pili au ya tatu, hata ikibidi shingo igeuke na kutazama kupitia dirisha la ubavuni. Ni rahisi kusema. Mwili hukataa. Mwalimu aliyeketi kiti cha abiria huweza kumaliza mzunguko mzima akinyosha kidole mbele na kurudia neno moja: "Kule! Kule!"

Dawa yake huanza kwa miguu. Kabla gari la kwanza halijaondoka, madereva huruhusiwa kuitembea njia yote. Wanagenzi wengi huitembea mara moja, wakizungumza na wenzao, kisha huenda kunywa kahawa. Mtu aliyesimama huziona koni kama njia nyeupe. Akiketi garini, koni zilezile humgeukia msitu. Kwa hiyo wajuzi huchutama hapa na pale, ili waione njia kwa kimo cha macho ya dereva. Mara ya kwanza hujifunza mfuatano wa malango, mara ya pili huchagua mahali pa kushika breki, na mara ya tatu hutembea peke yao, kimya, hadi waweze kuisimulia njia yote wakiwa wamefumba macho.

Kosa la pili ni kuchelewa kushika breki. Mshiko wa tairi juu ya lami unafanana na mshahara: dereva akiutumia wote kwa breki, hana hata senti ya kugeuzia, akiutumia wote kwa kugeuza, breki haina cha kukopa. Tena mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 60 kwa saa, umbali unaohitajiwa na breki huongezeka kwa karibu nusu. Mwanagenzi aingiaye kwenye kona kwa mbio huona fahari, lakini gari hukataa kugeuka na kusukuma pua yake nje. Hapo huzidi kuukata usukani, jambo linaloongeza mkwaruzo tu na kula ukingo wa nje wa tairi za mbele. Ingemfaa aulegeze usukani kidogo, apunguze mafuta, na asubiri tairi zishike tena. Hata hivyo, ingemfaa zaidi kushika breki mapema, gari likiwa bado limenyoka, kisha kuiachia polepole anapoanza kugeuka, na kukanyaga mafuta pale tu anapoiona njia ya kutokea. Akifanya hivyo atajiona anakwenda pole. Asubiri kusomewa muda wake.

Penye koni zilizopangwa mstari mmoja, za kupitwa kwa kupindapinda kama nyoka, kugeuza huanza kabla ya kuifikia koni, ili gari linapoipita liwe limekwisha kuielekea ya pili. Aliyechelewa kwenye ya kwanza huzidi kuchelewa hadi ya mwisho.

Wasioendesha kwa zamu hiyo huwekwa kazini uwanjani, kusimamisha koni zilizoanguka na kupeleka habari kwa redio. Wanagenzi huiona kazi hiyo kuwa adhabu. Kumbe ndipo mahali pazuri pa kujifunzia: magari thelathini hupita kona ileile, na mwenye jicho huona yupi alishika breki mapema na akatoka kwa mbio. Sharti kubwa la hapo ni kutoyapa kisogo magari yaliyo njiani, hata kwa dakika moja ya kuokota koni.

Kuhusu upepo wa tairi, chaki ya senti chache hutosha. Mwanagenzi huchora mistari ubavuni mwa tairi, hadi kwenye ukingo wa juu, na baada ya mzunguko hutazama lami imefuta mpaka wapi. Ikiwa imefuta hata ubavu, tairi inalala mno na inahitaji upepo zaidi. Vipimo vya asubuhi huandikwa kwenye karatasi, na jioni, kabla watoto hawajapakiwa kurudi nyumbani, upepo hurudishwa kwenye kiasi kilichobandikwa na mtengenezaji penye fremu ya mlango wa dereva.