Dereva Hupimwa, Jaji Hustaafu, Rais Je?



Mwenzetu mmoja alikuwa dereva wa lori la mchele. Alipita hapa Sagana miaka mingi, kutoka Mwea kwenda Nairobi, bila kugonga hata kuku. Alipokaribia miaka 60 tajiri wake alimpeleka kwa daktari, akaambiwa macho yamepungua nguvu. Mwisho wa mwezi akapewa barua. Twakiri kwamba barua yenyewe hatukuipinga. Tulichopigania ni haki zake za kuachishwa kazi, maana lori lenye shehena likiacha barabara pale kwenye daraja la mto, hakuna atakayeuliza kama dereva alikuwa mtu mwema.

Basi, anayeendesha nchi nzima hupimwa na nani?

Mtumishi wa Serikali huenda nyumbani akiwa na miaka 60, na kabla ya 2009 ilikuwa 55. Mwalimu vivyo hivyo. Jaji mwisho wake ni 70. Mwaka 2016 Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walidai wakae hadi 74 kama ilivyokuwa katika Katiba ya zamani. Wakashindwa, wakaenda. Lakini kwa Rais Katiba ya 2010 yasema vipindi viwili tu, na juu ya uzee haisemi neno. Mtu wa miaka 90 aweza kuomba kura bila kuvunja sheria yoyote.

Kuna watakaotuambia tusome kifungu cha 144. Tumekisoma. Mbunge mmoja akiungwa mkono na robo ya Bunge la Taifa aweza kuleta hoja kwamba Rais hawezi kazi kwa ajili ya mwili au akili. Wengi wakikubali, Jaji Mkuu huteua watu watano: madaktari watatu, wakili mmoja, na mmoja wa kutajwa na Rais mwenyewe. Hao hupewa siku 14, kisha Bunge lapiga kura tena. Tangu 2010 kifungu hicho hakijatumika hata mara moja. Ni mbunge gani atakayesimama wa kwanza kusema mkubwa wake amechoka kichwani, na kesho yake aende kwake kuomba barabara ya lami?

Wazee wanakumbuka Oktoba 1976. Mzee Kenyatta alikuwa amekongoka, na hata mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa hakika. Wakubwa walipoanza kugombana juu ya nani atamfuata, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kwamba hata kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni hatia ya kunyongwa. Wananchi wakanyamaza. Tarehe 22 Agosti 1978 Mzee alifariki Mombasa, na neno lililokatazwa likawa limetokea bila mtu kuliwaza.

Sasa twende karibu zaidi, mahali panapotuuma. Mwai Kibaki, mtoto wa Othaya, aliapishwa 30 Desemba 2002 akiwa na miaka 71, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ajali ya gari. Mwezi uliofuata akalazwa hospitali kwa damu iliyoganda. Tuliambiwa kidogo, tukabaki kuokota uvumi katika matatu. Mtu huyo ndiye aliyefungua shule za msingi bila karo mwezi ule ule wa Januari 2003, na watoto wetu wakasoma. Hatusemi alikuwa mbaya. Twasema wenye kazi walikuwa sisi, na hatukuambiwa hali ya mtu tuliyemwajiri.

Wengine wataka viongozi wapimwe akili na madaktari. Sisi twaikataa njia hiyo. Daktari ana mkubwa wake, na mkubwa wa daktari ana mkubwa wake. Wangapi kati yetu tumeona mgonjwa akiandikiwa kwamba ni mzima kwa kuwa kampuni ndiyo iliyolipa ada? Karatasi kama hiyo itampitisha rafiki na kumwangusha adui. Hesabu ya miaka haihongwi. Imeandikwa katika kitambulisho.

Ila hesabu yaweza kufutwa. Tazameni Uganda. Katiba yao ilisema anayewania urais asizidi miaka 75. Septemba 2017 wabunge wakapigana ngumi ndani ya Bunge, na kabla ya mwaka kwisha kikomo kikaondolewa. Bwana Museveni, aliyezaliwa 1944, akasimama tena 2021 akiwa na miaka 76. Kwa hiyo kikomo chetu kisiachwe mikononi mwa wabunge. Kifungu cha 255 chasema muda wa Rais haubadilishwi bila kura ya maoni ya wananchi wote. Umri uwekwe humo humo, uwe 70 kama wa jaji: aliyetimiza asigombee.

Twajua hesabu hiyo ingemzuia Kibaki 2002. Ingemzuia pia marehemu Raila Odinga, aliyegombea 2022 na miaka 77. Inakata kwetu na kwa jirani. Na kwa kuwa Rais wa sasa alizaliwa 1966, hakuna atakayesema imetungwa kumtoa yeye.

Mtu asituambie huku ni kuwadharau wazee. Wakikuyu walikuwa na ituĩka: rika lililotawala liliwakabidhi waliofuata, likapewa mbuzi wake na heshima yake. Rais naye hatakosa mbuzi. Sheria ya 2003 humpa mstaafu asilimia 80 ya mshahara wa aliye kitini. Dereva wetu wa mchele angependa sana dharau ya namna hiyo.

Watu wa mbali wakisikia Sagana hufikiri Ikulu ndogo, ambayo iko upande wa Kiganjo, si mjini kwetu. Katika nyumba hiyo Elizabeth aliambiwa, 6 Februari 1952, kwamba baba yake amekufa na yeye ni Malkia. Alikuwa na miaka 25, na aliacha kiti kwa kufa 8 Septemba 2022, akiwa na 96. Hiyo ni desturi ya wafalme. Mwaka 1963 hatukushusha bendera yao tukabaki na desturi yao.

Wala tusisahau nyumbani. Ndugu Francis Atwoli alishika ukatibu mkuu wa COTU mwaka 2001, na 2021 akachaguliwa mara ya tano. Yeye ni wa 1949. Tukidai 70 kwa Rais, vyama vya wafanya kazi vianze na katiba zao, pamoja na hiki chetu. Azimio hilo litaletwa katika mkutano wa tawi mwezi ujao, na wenye viti wasiliahirishe.

Hadi wakati huo, kila atakayekuja stendi kuomba kura ya 2027 aulizwe: kikomo cha 70 wakitaka au hukitaki? Jibu liandikwe, na pembeni yake uandikwe mwaka wake wa kuzaliwa.